Mashine Inayojibu Mambo ya Sheria: Tuitumieje Sisi wa Mashamba?

Ninyi wakulima wa skimu za Makueni, Kiboko na Masongaleni, na ninyi wenzetu wa Kitui, mwezi huu siandiki juu ya mbegu wala dawa ya viwavi. Nataka tuzungumze habari ya karatasi za shamba, na habari ya mashine mpya inayoziandika.

Mashine hiyo yaitwa akili bandia, na wengine huiita akili unde. Haikai mahali pamoja kama kinu cha kusaga. Huingia katika simu ya mkononi, nawe huiandikia swali au huisemea, nayo hukujibu papo hapo kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Ile inayojulikana zaidi, ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Tangu hapo vijana wetu wamezoea kuiuliza mambo ya shule, ya mapenzi, na ya ng'ombe mgonjwa. Sasa wazee nao wanaiuliza mambo ya sheria.

Naliona jambo hili nikiwa mezani pangu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni orodha za mbegu na barua za wakubwa, lakini mkulima akija kuuliza ndengu mara nyingi huishia kuuliza mpaka. Zamani alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono na mtoto wa shule. Siku hizi huja na karatasi safi kutoka saiba, kurasa tatu za Kiingereza kizito, zenye vifungu vya sheria na vitisho. Nikimwuliza nani kaiandika, hujibu, "Simu." Nikimwuliza inasema nini, hunitazama tu.

Je, mashine hii itamletea mkulima haki, au itamletea karatasi? Mimi nasema yaweza kumletea haki katika kazi fulani, na katika kazi nyingine yaweza kumpotezea shamba. Tusipojua kuzitenga kazi hizo tutafukuzwa penye mashamba yetu tukiwa na karatasi nzuri mikononi.

Kwanza tuikubali shida ilivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 48, yaamuru Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, tena kama kuna ada, ada hiyo isiwe kizuizi. Mahakama tunazo. Makueni zipo Wote, Kilungu, Tawa na Makindu. Kitui zipo mjini, na Mwingi, Kyuso na Mutomo. Basi majengo yako. Anayekosekana ni mtu wa kukueleza, kabla hujapanda gari, kwamba jambo lako ni la mahakama au ni la ofisi ya ardhi, na kwamba ulete karatasi gani. Wakili anajua, lakini mkulima aliyevuna magunia mawili hana ada ya wakili. Kwa hiyo huenda mara ya kwanza na kurudishwa, huenda mara ya pili na kurudishwa, na mara ya tatu haendi.

Katika skimu shida hii ina mizizi mirefu. Wazee wa Makueni wanakumbuka kuwa eneo hili lilikuwa pori la mbung'o. Kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter alitumwa na Serikali ya kikoloni kuua faru hapa, akaua karibu 1,000, ili pori likatwe na watu waletwe. (Leo tungelipwa na watalii kuwatazama faru hao, lakini hilo ni jambo jingine.) Walioletwa waligawiwa mashamba kwa daftari ya karani. Masongaleni nako walipewa watu walioondolewa katika milima ya Chyulu. Mwenye kuandikwa katika daftari alikuwa baba au babu. Babu amekufa, wanawe wamegawana kwa mdomo, wajukuu wamejenga, mmoja ameuza kipande kwa mtu wa Emali, na katika sajili ya ardhi jina ni la marehemu hata leo. Ukiuliza ugomvi mwingi wa skimu unaanzia wapi, jibu ni hapo.

Sasa mfikirieni mjane katika boma kama hilo. Mashemeji wamekuja na kumwambia kwamba mila haimpi kitu, na kwamba binti zake wataolewa, kwa hiyo hawana fungu. Amwendee nani? Chifu ni jamaa ya mashemeji. Wakili yuko mjini. Usiku, watoto wakiwa wamelala, aweza kuichukua simu na kuuliza kwa Kiswahili chake bila kuona haya, wala hakuna atakayejua kwamba ameuliza. Mashine ikijibu sawasawa itamwambia kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike. Kifungu cha 35 champa mjane vyombo vya nyumbani na haki ya kuitumia mali iliyobaki maishani mwake. Kifungu cha 38 chasema asipokuwapo mume wala mke, watoto wagawane sawa. Kama marehemu alikuwa na wake wawili, iko hesabu nyingine. Mjane huyo akilala usiku ule akijua hayo, kesho hatatia kidole gumba katika karatasi ya mashemeji. Hiyo peke yake ni haki kubwa, na haikumgharimu ila bando la simu.

Wala hili si jambo la kubuni. Huko Uganda, BarefootLaw wamekuwa wakiwapa watu mashauri ya sheria bure kwa njia ya simu tangu mwaka 2012. Hapa kwetu Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewasaidia maskini kwa miaka mingi, na maandiko ya sheria zetu pamoja na hukumu za majaji hupatikana bure katika mtandao wa Kenya Law. Maarifa yako wazi. Yameandikwa kwa lugha ya mawakili tu, na mashine yaweza kuyageuza yakawa lugha ya watu. Hapo naisifu kabisa, na anayesema tuikatae yote hajawahi kurudishwa dirishani mara tatu.

Lakini sikilizeni jinsi inavyofanya kazi. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na kila mwalimu amekutana na mwanafunzi mmoja ambaye katika mtihani haachi nafasi wazi hata siku moja. Akijua, hujibu. Asipojua, hujibu vilevile, kwa mwandiko uleule mzuri. Mashine hii ni mwanafunzi huyo. Imesoma maandishi mengi kupita kiasi, ikajifunza neno gani hufuata neno gani, na ukiiuliza hupanga maneno yanayofanana na jibu. Haina njia ya kuona haya.

Mawakili wenyewe wamenaswa. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazikuwako duniani. ChatGPT ilizitunga, na majina ya majaji ikayaweka. Jaji Castel akawatoza faini ya dola 5,000, wao pamoja na ofisi yao. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilikuta jambo kama hilo, na mwezi wa Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu ya London iliwaonya mawakili wote kwa maneno makali. Marekani tena, kampuni moja iitwayo DoNotPay ilikuwa ikijitangaza kuwa na wakili wa mashine. Mwaka 2024 Serikali ikaishtaki kwamba haikupata kuijaribu mashine hiyo kama kweli yafanya kazi ya wakili, ikakubali kulipa dola 193,000. Ikiwa mtu aliyesoma sheria miaka mingi anadanganywa, mimi na wewe je?

Tena uongo wa aina hiyo si hatari kubwa kwetu, kwa sababu hakimu ataugundua. Hatari kubwa ni jibu lililo kweli mahali pengine. Nitatoa mifano mitatu, nayo mwiweke akilini.

Mfano wa kwanza ni mpaka. Jirani amesogeza ua wa mkonge hatua tano. Unaiuliza mashine, nayo yakuambia umshtaki mahakamani kwa kuingilia ardhi, na yakuandikia mashtaka. Unalipa, unangoja miezi, kisha mahakama inakurudisha. Kwa nini? Kwa sababu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yasema mahakama haitasikiliza ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza Msajili wa Ardhi awe ameuamua mpaka wenyewe. Unaanza kwa barua kwa Msajili, naye huja na saveya, majirani wote wakiitwa. Mkulima asiyejua kifungu hicho hupoteza pesa bila jirani yake kufungua kinywa.

Mfano wa pili ni urithi tena. Ile Sheria ya Urithi imezitaja wilaya fulani, kama Turkana, Narok na Kajiado, ambako ardhi ya ukulima ya mtu asiyeacha wosia imeachwa nje ya ugawaji niliouelezea. Kitui haimo, wala Machakos ambayo Makueni ilikatwa kwayo mwaka 1992. Mtu aliye Kibwezi na mtu aliye ng'ambo ya Chyulu hutazamana mlima mmoja, na kitabu kinawatenga. Mashine isiyojua umesimama upande gani yaweza kumpa mjane wa Masongaleni jibu la Kajiado.

Wa tatu ni kununua. Shamba la ukulima haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi yatakiwa kupelekwa katika miezi sita tangu siku ya mapatano. Kibali kisipopatikana, sheria yasema mapatano ni bure. Mashine iliyozoea sheria za Ulaya itakuandikia mapatano mazuri ya kuuziana, yenye mashahidi na tarehe, na bodi isiitaje hata mara moja. Na hata ikiitaja, mambo hayaishi hapo. Mwaka 2014 majaji wa Mahakama ya Rufani walishikilia kwamba mapatano bila kibali hayana nguvu, na mwaka 2018 majaji wa mahakama hiyohiyo walisema mnunuzi aliyelipa na kukaa shambani aweza kulindwa. Jambo ambalo majaji wamepishana kwalo, simu yako italijibu kwa sentensi moja yenye uhakika wote. Hapo ndipo pa kumlipa wakili, hata kwa kuuza mbuzi.

Wengine hudhani mashine hii imekuja kwa maskini peke yake. La. Tajiri anayo pia, na anayo iliyo bora. Zamani mkopeshaji aliyetaka kukuandikia barua ya kudai alimlipa wakili, kwa hiyo alichagua wadeni wakubwa. Sasa aweza kuandika barua 500 katika saa moja, zote zikitaja mahakama na dalali. Nionavyo mimi, barua za kutisha zitaongezeka katika maboma yetu kuliko msaada utakavyoongezeka. Basi mjue kwamba barua ya kudai si hukumu, na dalali hana ruhusa ya kuchukua ng'ombe ambaye hukumweka dhamana kwa barua ya mkopeshaji peke yake. Tena Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Ukinyimwa mkopo wa pembejeo kwa sababu kompyuta imekataa, una haki ya kutaka mtu alitazame jambo lako.

Na habari zenyewe, angalieni mnazitia wapi. Nimeona watu wanapiga picha hati ya shamba, kitambulisho, hata barua ya kifo, na kuziweka katika simu ili mashine izisome. Wakili ukimweleza siri yako amefungwa na sheria asiitoe. Mashine ya kampuni ya ng'ambo haikuapa kwako. Uliza swali bila kutaja nambari ya shamba wala jina la mtu. "Mume wangu amekufa bila wosia, tuna watoto wanne, shamba lina jina lake": hayo yatosha.

Nikisema kama karani, kuna jambo ambalo wasifu wa mashine hawaligusi. Kesi nyingi za ardhi hazikwami kwa kukosa maneno. Hukwama kwa sababu faili haionekani, au saveya hana gari, au bikoni iling'olewa, au mzee pekee aliyeshuhudia ugawaji amekufa. Akili bandia haitafuti faili iliyo chini ya kabati. Haikuwapo baba zenu walipopanda ule mti wa mpaka. Katika Ukambani mtu aliyesingiziwa aliweza kudai kiapo cha kithitu, na mwenye uongo alitetemeka kabla ya kufungua mdomo, kwa kuwa alijua hatari ni ya ukoo wake mzima. Simwambii mtu aape. Nasema tu kwamba ushahidi wa ardhi uko katika watu, na Katiba, kifungu cha 159, imewapa wazee nafasi yao ya kupatanisha mradi wasiivunje haki ya mtu. Mjane aliyejua haki yake kutoka kwenye simu atakwenda mbele ya wazee hao kwa sauti nyingine kabisa.

Serikali nayo ina kazi. Mwezi wa Machi 2025 ilitangaza mpango wa taifa wa akili bandia wa mpaka mwaka 2030. Vizuri. Basi katika mpango huo ifanywe mashine moja ya sheria iliyolishwa sheria za Kenya peke yake, yenye kusema Kikamba na Kiswahili, yenye kuonyesha kifungu ilikolitoa jibu, na yenye kusema "sijui" isipojua. Lakini nikiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema isiende kwenye mashine. Iende kwa msaidizi wa sheria mmoja, mtu mwenye miguu, akae kwenye benchi nje ya kila masjala ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi hao. Tangu Machi 2024 kesi hufunguliwa kwa kompyuta katika mahakama za nchi nzima, na mkulima asiye na simu ya maana humwachia mwenye saiba afungue kwa anwani yake mwenyewe. Taarifa za kesi zikija, humwendea mwenye saiba, na huyo akihamia Mombasa wewe utajua nini? Hakikisheni anwani ni yako au ya mwanao, na neno la siri uliweke wewe.

Mtakaotaka kuijaribu mashine, anzeni na jambo dogo lisilohusu ardhi. Mathalani mnunuzi alichukua magunia yako ya ndengu, akaahidi kulipa kwa simu, hajalipa. Mahakama za Madai Madogo zilianza Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, na zimeendelea kuenea. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kesi yatakiwa kwisha katika siku 60, nawe waweza kujisemea bila wakili. Ugomvi wa kumiliki ardhi hazisikilizi. Iambie mashine ikupangie habari zako kwa tarehe: siku gani alikuja, magunia mangapi, bei gani, ujumbe gani alituma. Kazi hiyo yaiweza sana. Kisha isome karatasi nzima mwenyewe, au usomewe na mtu asiyehusika, na neno usilolielewa lifute, maana hakimu atakuuliza wewe wala hataiuliza simu. Ujumbe wa mnunuzi usiufute katika simu yako. Chukua taarifa ya M-Pesa, kitambulisho, na karatasi ya mizani kama unayo, uende masjala ya mahakama iliyo karibu nawe asubuhi mapema, uulize kama madai madogo husikilizwa hapo au wapi, na kabla ya kuondoka dirishani uandikiwe nambari ya kesi.